Mgawo au Uhakika? Usalama wa Maji na Siasa za Uendelevu katika Bonde la Mto Nile, 1929–2025

1.0 Utangulizi

Tarehe 8 Julai 2021, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikutana New York kujadili bwawa. Hapakuwa na jeshi lililovuka mpaka wala azimio la vikwazo lililosubiri kura. Kilichowekwa mezani kilikuwa ni ujazaji wa Bwawa Kuu la Mwamko wa Ethiopia, lililokuwa likijengwa kwenye Nile ya Bluu karibu na mpaka wa Sudan: maji kiasi gani yazuiwe katika msimu wa mvua, yaachiliwe vipi katika miaka ya ukame, na nani awe na haki ya kupewa takwimu za mto kwa wakati. Baraza lenye jukumu la kulinda amani ya dunia lilijikuta likisikiliza hoja ambazo kwa kawaida ni za wahandisi wa maji na wataalamu wa mazingira.

Kuunganishwa kwa mazingira na usalama hakukuanza siku hiyo. Ripoti ya Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland na kutolewa mwaka 1987, ndiyo iliyoipa dhana ya maendeleo endelevu umaarufu wake, na ndani yake mlikuwa na sura nzima kuhusu amani, usalama, maendeleo na mazingira. Tangu hapo wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaoona kwamba kuliita suala la mazingira kuwa la usalama hulipa uzito linaostahili. Wapo pia, hususan wanaofuata mkabala wa Barry Buzan na Ole Wæver, wanaotahadharisha kwamba suala likishaitwa la usalama huondolewa katika mjadala wa kawaida na kukabidhiwa kwa wakuu wa nchi na majeshi yao, ambako hatua za dharura huhalalishwa kwa urahisi.

Bonde la Mto Nile ni mahali pazuri pa kuupima mgawanyiko huo kwa ushahidi wa kihistoria. John Waterbury (1979) aliuchunguza mto huu kama uwanja wa siasa za dola. Terje Tvedt (2004) alionesha jinsi Uingereza ilivyoufanya kuwa mhimili wa himaya yake. Arthur Okoth-Owiro (2004) alijadili hatima ya mikataba ya kikoloni baada ya uhuru. Dereje Zeleke Mekonnen (2010) naye alidai kwamba kuingizwa kwa dhana ya usalama wa maji katika mazungumzo ya mkataba mpya wa bonde kulikuwa kosa, kwa kuwa dhana hiyo haina mizizi katika sheria ya maji ya kimataifa na ilileta ukungu mahali palipohitaji uwazi.

Makala haya yanakubaliana na Mekonnen kuhusu madhara ya dhana hiyo, lakini yanatofautiana naye kuhusu chanzo cha madhara. Hoja kuu ni kwamba katika historia ya Nile usalama wa maji umebeba maana mbili. Maana ya kwanza ni usalama kama mgawo: kiasi maalumu cha maji ambacho dola inakihesabu kuwa mali yake. Maana ya pili ni usalama kama uhakika: matarajio ya kila nchi kwamba itapata maji, yanayojengwa na taarifa, taratibu za ukame na utunzaji wa mto wenyewe. Maana ya kwanza hugongana na uendelevu, kwa sababu mto hauna kiasi kisichobadilika. Maana ya pili haiwezekani bila uendelevu. Kilichokwamisha ushirikiano, basi, ni urithi wa mgawo ulioandikwa mwaka 1929 na kukamilishwa mwaka 1959, ambao umeendelea kuipa lugha ya usalama maana yake ya kwanza.

2.0 Kipimo kilichorithiwa, 1902–1959

Mto Nile unapita au kupokea maji katika nchi kumi na moja za leo. Takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan hutoka katika nyanda za juu za Ethiopia, kupitia Nile ya Bluu, Sobat na Atbara. Sehemu iliyobaki hutoka katika eneo la Maziwa Makuu kupitia Nile Nyeupe. Misri, ambayo mvua yake ni haba sana, hutegemea mto huu kwa zaidi ya asilimia 90 ya maji yake matamu. Ukweli huu wa kijiografia ni lazima utajwe mwanzoni, kwani hofu ya Misri si ya kubuni: nchi inayotegemea maji mengi zaidi ndiyo isiyozalisha chochote kati ya maji hayo.

Uingereza ilielewa jambo hilo mapema. Katika mkataba wa tarehe 15 Mei 1902, Mfalme Menelik II wa Ethiopia aliahidi kutojenga, wala kuruhusu kujengwa, kitu chochote kwenye Nile ya Bluu, Ziwa Tana au Sobat ambacho kingezuia mtiririko wa maji, isipokuwa kwa makubaliano na Serikali ya Uingereza na ya Sudan. Maji yalikuwa tayari suala la mikataba ya mipaka.

Tukio lililoonesha wazi kwamba maji ni silaha lilitokea mwaka 1924. Mwezi Novemba mwaka huo, Lee Stack, Gavana Mkuu wa Sudan na kamanda wa jeshi la Misri, alipigwa risasi jijini Cairo akafa. Kamishna Mkuu, Allenby, aliikabidhi Serikali ya Misri masharti makali; mojawapo lilikuwa kwamba eneo la umwagiliaji la Gezira, nchini Sudan, lingepanuliwa bila kikomo. Kwa mara ya kwanza katika karne ya 20, mtawala aliyeshika mkondo wa juu alitishia kuiadhibu nchi ya mkondo wa chini kwa kutumia mfereji. Tishio hilo lililegezwa baadaye, lakini Cairo haikulisahau.

Ubadilishanaji wa hati wa tarehe 7 Mei 1929, kati ya Waziri Mkuu wa Misri Mohamed Mahmoud Pasha na Kamishna Mkuu Lord Lloyd, unapaswa kusomwa katika mwanga huo. Misri ilitambuliwa kuwa na mita za ujazo bilioni 48 kwa mwaka, na Sudan bilioni 4. Aidha, ilikubaliwa kwamba hakuna kazi ya umwagiliaji au ya umeme itakayofanywa kwenye mto, matawi yake au maziwa yake, nchini Sudan au katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wa Uingereza, itakayodhuru maslahi ya Misri, bila ridhaa ya awali ya Serikali ya Misri. Kwa njia hiyo Tanganyika, Kenya na Uganda zilifungwa na hati ambayo hakuna mwakilishi wao aliyeijadili. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, lilijengwa kwa kufuata mpango huo: Uingereza iliomba, Misri ikaridhia.

Kisha likaja Bwawa Kuu la Aswan. Julai 1956 Marekani, ikifuatwa na Uingereza na Benki ya Dunia, iliondoa ahadi ya kugharimia ujenzi wake. Siku chache baadaye Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez, na mwishoni mwa mwaka Uingereza, Ufaransa na Israeli ziliishambulia Misri. Mradi wa kuhifadhi maji ukawa umeingia moja kwa moja katika Vita Baridi, na hatimaye ukajengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti.

Ili bwawa hilo lijengwe, Misri na Sudan zilitia saini makubaliano ya tarehe 8 Novemba 1959. Wastani wa maji yafikayo Aswan ulihesabiwa kuwa mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka. Bilioni 10 ziliwekwa kando kwa ajili ya uvukizaji na upotevu mwingine, Misri ikapewa bilioni 55.5 na Sudan bilioni 18.5. Jumla ya hesabu hiyo ni bilioni 84 kamili: mto wote uligawanywa kati ya nchi mbili, na Ethiopia, chanzo cha sehemu kubwa ya maji hayo, haikualikwa. Kilichohalalishwa hapo ni zaidi ya kiasi cha maji. Ilihalalishwa fikra kwamba mto ni jumla inayoweza kumalizwa kwa kutoa na kugawa, na kwamba usalama wa dola ni kuilinda namba yake.

3.0 Kauli ya Tanganyika, 1961–1964

Changamoto ya kwanza ya kisheria dhidi ya fikra hiyo ilitoka Dar es Salaam. Desemba 1961, Serikali ya Tanganyika ilimwarifu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba ingeendelea kuitekeleza mikataba ya nchi mbili mbili iliyofungwa na Uingereza kwa niaba yake kwa muda wa miaka miwili tu, na baada ya hapo ile ambayo haijafanyiwa makubaliano mapya ingekoma. Msimamo huu ndio unaojulikana kama Kanuni ya Nyerere. Tarehe 4 Julai 1962 Serikali iliutumia kwa Nile: iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba hati za mwaka 1929 haziifungi Tanganyika. Sababu iliyotolewa ni kwamba mpango unaoitaka nchi iombe ridhaa ya nchi nyingine milele kabla ya kutumia maji yake haupatani na hadhi ya dola huru. Misri ilijibu Novemba 1963 kwamba makubaliano hayo yangeendelea kuwa halali hadi yatakapopatikana mengine.

Mambo mawili katika kauli hiyo yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, ni Nyerere huyohuyo aliyeshawishi Umoja wa Nchi Huru za Afrika, katika mkutano wa Cairo wa Julai 1964, kukubali mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Kwa mtazamo wa haraka kuna mgongano: mbona mpaka wa mkoloni ubaki na mkataba wake wa maji ufutwe? Jibu linaweza kupatikana katika athari zake kwa amani. Mpaka uliorithiwa uliifunga kila dola kwa usawa na kuzuia vita vya kudai ardhi. Hati ya 1929 ilizifunga nchi za upande mmoja kwa faida ya upande wa pili, na hivyo iliacha kinyongo ambacho kingezaa mgogoro. Misimamo yote miwili ilikuwa na shabaha moja ya usalama.

Pili, barua ya 1962 haikuishia kwenye kukataa. Ilitambua umuhimu wa kudhibiti maji ya Nile kwa nchi zote zinazoguswa, na ikaeleza utayari wa Tanganyika kujadiliana nazo ili kupata mgawanyo wa haki. Sehemu ya kwanza ya barua ndiyo iliyonukuliwa sana na kizazi kilichofuata. Sehemu ya pili, ambayo kimsingi ilipendekeza usalama wa kujengwa kwa pamoja, ilisubiri zaidi ya miaka thelathini kupata mahali pa kuzungumziwa.

4.0 Jonglei: pale upotevu ulipokuwa maisha ya watu

Kabla ya mazungumzo hayo kuanza, mantiki ya mgawo ilijaribiwa Sudan Kusini. Nile Nyeupe inapopita katika kinamasi kikubwa cha Sudd hupoteza karibu nusu ya maji yake kwa uvukizaji. Katika hesabu za makubaliano ya 1959, maji hayo yalikuwa upotevu uliopaswa kuokolewa, na mapato yake yagawanywe kati ya Misri na Sudan. Mfereji wa Jonglei, wenye urefu uliokusudiwa wa kilomita 360, ulibuniwa ili uyapitishe maji kando ya kinamasi.

Kwa Wadinka, Wanuer na Washiluk, hata hivyo, mafuriko hayo ya msimu ndiyo yaliyootesha malisho ya kiangazi na kuhifadhi samaki. Mwaka 1974 habari za mfereji huo, pamoja na uvumi kwamba wangeletwa walowezi kutoka Misri, zilizusha ghasia mjini Juba. Uchimbaji ulianza mwaka 1978. Mwaka 1981 John Garang, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Sudan, aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa kuhusu maendeleo ya eneo la Jonglei. Miaka miwili baadaye akawa kiongozi wa Jeshi la Ukombozi wa Watu wa Sudan, na mashambulizi ya jeshi hilo yalisimamisha uchimbaji mwanzoni mwa mwaka 1984, baada ya takriban kilomita 240 kuchimbwa. Mtambo mkubwa wa kuchimbia uliachwa ukishika kutu porini.

Vita vya Sudan vilikuwa na sababu nyingi na haingekuwa sahihi kuviita vita vya maji. Hata hivyo, Jonglei inathibitisha hoja ya makala haya kwa namna mbili. Mradi uliobuniwa kuongeza usalama wa maji wa dola mbili ulipunguza usalama wa watu walioishi juu ya maji hayo, na mwishowe haukumpa yeyote hata lita moja. Aidha, mwaka 2006 Sudd iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Maji yaleyale yaliyoandikwa kama hasara mwaka 1959 yalikuwa sasa yamehesabiwa kuwa hazina. Kilichobadilika ni kipimo.

5.0 Lugha ya uendelevu yaingia bondeni, 1987–1999

Kipimo hicho kipya kilikuwa na uhusiano wa karibu na bonde lenyewe. Makamu mwenyekiti wa Tume ya Brundtland alikuwa Mansour Khalid, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Sudan, ambaye pia alikuja kuwa mshauri wa Garang. Uhusiano wa vita, ufukara na mazingira yaliyoharibika ulikuwa, kwake, jambo la nchi yake mwenyewe.

Mto nao ulitoa somo lake. Katika miaka ya 1980 mvua za Ethiopia zilipungua mfululizo, na kina cha Ziwa Nasser, nyuma ya Bwawa la Aswan, kilishuka hadi kutishia uzalishaji wa umeme. Mvua kubwa za Agosti 1988, zilizoifurikisha Khartoum, ndizo zilizoiokoa Misri. Bilioni 84 zilikuwa wastani wa miaka iliyopita. Hazikuwa ahadi ya mto kwa miaka ijayo.

Hata hivyo, lugha ya usalama wa dola haikulegea. Mwaka 1979, baada ya kufanya amani na Israeli, Rais Anwar Sadat alitamka kwamba jambo pekee ambalo lingeweza kuirudisha Misri vitani ni maji. Sambamba na vitisho hivyo Misri ilijenga pia urafiki: mwaka 1983 iliongoza uundaji wa kundi la ushirikiano wa nchi za Nile lililopewa jina la Kiswahili, Undugu. Undugu huo ulizungumzia biashara, mawasiliano na nishati, lakini suala la mgawo halikuguswa.

Tofauti za nchi za bonde zilionekana wazi tarehe 21 Mei 1997, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopigia kura Mkataba wa matumizi ya mito ya kimataifa yasiyo ya usafiri. Mkataba huo uliweka pamoja kanuni mbili: matumizi ya haki na yanayofaa, ambayo nchi za mkondo wa juu huipenda, na wajibu wa kutosababisha madhara makubwa, ambao nchi za mkondo wa chini huushikilia. Kenya na Sudan ziliunga mkono. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi tatu zilizopinga. Misri, Ethiopia, Rwanda na Tanzania hazikuegemea upande wowote. Misri na Ethiopia zilijizuia kwa sababu zinazopingana, kila moja ikihofia kanuni iliyompa mwenzake nguvu.

Katika mazingira hayo, kuzinduliwa kwa Mpango wa Bonde la Mto Nile jijini Dar es Salaam, Februari 1999, kulikuwa hatua kubwa. Dira yake iliunganisha maendeleo endelevu, matumizi ya haki na kugawana manufaa ya maji. Wazo la manufaa lilikusudiwa kuutoa mjadala nje ya mita za ujazo: umeme, chakula na udhibiti wa mafuriko vinaweza kuongezwa kwa ushirikiano, ilhali maji hayaongezeki. Ndiyo maana Mpango ulifanikiwa katika miradi. Mfano ulio karibu ni mradi wa umeme wa Maporomoko ya Rusumo kwenye Mto Kagera, wenye uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Ni mahali hapohapo ambapo mwishoni mwa Aprili 1994 takriban wakimbizi 250,000 waliingia Tanzania kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Nchi tatu kuendesha mtambo mmoja mahali kama hapo ni jambo la usalama, ingawa halikuitwa hivyo.

6.0 Kifungu cha 14(b)

Mpango wa 1999 ulikuwa wa mpito; ulihitaji mkataba wa kudumu. Mazungumzo ya Mkataba wa Mfumo wa Ushirikiano yaliyoanza mwaka 1997 yalikwama kwenye swali moja: mikataba ya 1929 na 1959 ibaki au ifutwe? Wajumbe waliamua kulikwepa kwa kuingiza dhana ya usalama wa maji. Ndani ya mkataba dhana hiyo ilifafanuliwa kuwa haki ya nchi zote za bonde kupata na kutumia maji ya Nile kwa uhakika, kwa ajili ya afya, kilimo, riziki, uzalishaji na mazingira. Ufafanuzi huo ni wa maana ya pili iliyoelezwa katika utangulizi: unawahusu wote, na unautaja hata mto wenyewe.

Mgogoro ulizuka katika kifungu cha 14(b). Rasimu ilizitaka nchi zisiathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine yoyote ya bonde. Misri na Sudan zilitaka isomeke kwamba nchi zisiathiri vibaya usalama wa maji pamoja na matumizi na haki za sasa za nchi nyingine. Nyongeza hiyo fupi ilirudisha bilioni 55.5 na bilioni 18.5 kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa haki za sasa zilizokuwa zimeandikwa ni hizo tu. Hapa ndipo maoni ya Mekonnen yanapohitaji kurekebishwa. Dhana yenyewe ilikuwa na ufafanuzi unaoeleweka. Utata uliletwa na jaribio la kuufunga ufafanuzi mpya kwenye kipimo cha zamani.

Kifungu hicho kiliachwa kiambatishwe ili kitatuliwe baadaye. Tarehe 14 Mei 2010, mjini Entebbe, Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zilitia saini. Kenya ikafuata siku chache baadaye, na Burundi Februari 2011. Tanzania iliridhia mwaka 2015. Sudan Kusini ilipojiunga mwaka 2024 idadi ya nchi sita ilitimia, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, bila Misri wala Sudan. Sehemu ya pili ya barua ya Tanganyika ilipata chombo chake cha kisheria, lakini nchi mbili zenye matumizi makubwa zaidi ya maji zimebaki nje ya chombo hicho.

7.0 Bwawa na Baraza la Usalama, 2011–2025

Tarehe 2 Aprili 2011, chini ya miezi miwili baada ya Hosni Mubarak kuondoka madarakani, Waziri Mkuu Meles Zenawi aliweka jiwe la msingi la bwawa huko Guba, katika Jimbo la Benishangul-Gumuz. Bwawa hilo lina uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo bilioni 74, kiasi kinachokaribia maji yote yaliyogawanywa kati ya Misri na Sudan kwa mwaka mmoja. Namna lilivyogharimiwa ina historia yake. Kanuni za Benki ya Dunia zinataka nchi nyingine za mto wa kimataifa ziarifiwe kabla ya mkopo, na kwa miongo mingi pingamizi la Misri lilifanya fedha za nje kwa mabwawa ya mkondo wa juu ziwe ngumu kupatikana. Ethiopia iliwaendea wananchi wake, wakiwemo watumishi wa umma, kwa hati za dhamana na michango. Kizuizi kilichokusudiwa kulinda usalama wa mkondo wa chini kilizaa mradi usio na mkopeshaji wa nje wa kuusimamia, tena wenye uzito wa heshima ya taifa.

Tanzania ilikuwa imepita njia hiyo kwa kiwango kidogo mwaka 2004, ilipoanza kwa fedha zake yenyewe mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga, huku Misri ikilalamika. Lakini maji ya kunywa ya miji miwili hayakuweza kuleta hofu iliyoletwa na Guba.

Kuanzia hapo lugha ilipanda ngazi. Juni 2013 wanasiasa wa Misri, bila kujua kwamba kikao chao na Rais Mohamed Morsi kilikuwa kikirushwa hewani moja kwa moja, walipendekeza njia za kulihujumu bwawa. Tamko la Misingi, lililosainiwa Khartoum tarehe 23 Machi 2015, liliirudisha kauli ya ushirikiano, lakini halikuweka utaratibu unaofunga kisheria kuhusu miaka ya ukame. Ujazaji ulipoanza Julai 2020, Sudan ililalamika kwamba mtiririko ulishuka ghafla na baadhi ya vituo vyake vya maji vikakwama, kwa kuwa haikupewa taarifa mapema. Ni tukio dogo, lakini linaeleza mengi: kilichokosekana kilikuwa taarifa, na taarifa haipunguzi maji ya yeyote.

Misri ililipeleka suala mbele ya Baraza la Usalama mwezi Juni 2020, na likarudi Julai 2021, baada ya mazungumzo ya Kinshasa chini ya Umoja wa Afrika kushindwa. Wajumbe wengi walilirejesha kwa Umoja wa Afrika. Tamko la Rais wa Baraza la tarehe 15 Septemba 2021 lilihimiza mazungumzo yaendelee, na likaweka wazi kwamba haliwi kielelezo kwa migogoro mingine ya maji. Wakati huohuo, Misri ilisaini makubaliano ya ushirikiano wa kijeshi au wa kijasusi na Uganda, Burundi na Kenya mwaka 2021, na itifaki ya kijeshi na Somalia Agosti 2024. Mvutano wa mto mmoja ulikuwa umefika hadi pwani ya Bahari ya Hindi, katika nchi isiyo ya bonde la Nile. Bwawa lilizinduliwa tarehe 9 Septemba 2025, na utaratibu wa ukame haukuwa umeandikwa.

8.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba kuunganisha uendelevu na usalama hakuna matokeo ya aina moja. Usalama ulipohesabiwa kwa mita za ujazo, ulileta Jonglei, ukakwamisha kifungu cha 14(b), na ukaligeuza swali la kitaalamu kuwa sababu ya kutafuta washirika wa kijeshi. Ulipotazamwa kama uhakika wa pamoja, kama pale Rusumo, ulifanya kazi bila kuhitaji kuitwa kwa jina hilo. Tahadhari ya Buzan na Wæver ni ya kweli kwa maana ya kwanza. Haitoshi kuikataa maana ya pili.

Ni muhimu pia kutowapa nchi za mkondo wa juu sifa zisizo zao. Ethiopia inapolitetea bwawa kama haki yake isiyohitaji maelezo kwa jirani, inatumia mantiki ileile ya mgawo, ila sasa imehamia upande wa chanzo. Kukataa hati ya 1929 kulikuwa sahihi. Kuiga roho yake si haki. Wamisri zaidi ya milioni 100 hawawezi kuhakikishiwa maji kwa neno la heshima pekee, kama ambavyo Waethiopia zaidi ya milioni 100 hawakuweza kubaki gizani kwa ajili ya makubaliano wasiyoyasaini.

Miaka ya kujaza bwawa, 2020 hadi 2024, kwa jumla ilikuwa na mvua nzuri, na kwa hiyo hakuna upande uliolazimika kujibu swali gumu. Miaka ya 1980 inatukumbusha kwamba ukame wa miaka mingi ni sehemu ya tabia ya mto huu. Ukame huo utakaporudi, mabwawa mawili makubwa, la Guba na la Aswan, yatakuwa yakigombea maji yaleyale bila kanuni ya nani aachilie nini na lini. Kwa nchi kama Tanzania, iliyo ndani ya mkataba na isiyo adui wa upande wowote, kazi iliyobaki iko katika ile sehemu ya barua ya 1962 iliyosomwa kidogo: kukaa na wengine wote na kuandika utaratibu wa haki, kabla mvua haijakatika.